Mchujo wa soka ya ufuoni Afrika: mchanga bila bahari

Kombe la Mataifa ya Afrika la Soka ya Ufuoni huandaliwa na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, na ndiyo njia ya kawaida ya timu za bara hili kufika Kombe la Dunia la mchezo huo. Timu nane hufika fainali za bara, mbili hupata tiketi ya dunia. Mwaka 2024 fainali hizo zilichezwa Hurghada, Misri, mwezi Oktoba. Senegal ilitwaa kombe, Mauritania ikawa ya pili, na zote mbili zikaenda Ushelisheli Mei 2025 kuungana na wenyeji ambao hawakuhitaji kuchujwa.

Mpango wa fainali ni mwepesi kuuelewa, ila una ukatili wake. Timu nane hugawanywa makundi mawili ya nne nne, mbili bora za kila kundi huingia nusu fainali, na washindi wawili wa nusu fainali huwa wamekata tiketi kabla ya fainali yenyewe kupigwa. Kwa hivyo mechi nzito kuliko zote ni nusu fainali. Fainali huchezewa kikombe na heshima tu, na mechi ya kutafuta nafasi ya tatu haina zawadi ya safari. Katika hesabu ya Kombe la Dunia, timu ya nne na ya nane hurudi nyumbani zikiwa sawa. Uganda inalijua hilo vizuri, na habari yake inafuata hapa chini.

Kabla ya hapo, sheria za mchezo zinahitaji kuelezwa, kwa sababu ndizo zinazoamua nani anaweza kushindana. Mtu aliyezoea soka ya nyasi huiona soka ya ufuoni kama burudani ya likizo, na hapo ndipo mashirikisho mengi yanapopotea. Uwanja una urefu wa mita 35 hadi 37 na upana wa mita 26 hadi 28. Lango lina upana wa mita 5.5 na kimo cha mita 2.2. Kila timu ina wachezaji watano uwanjani, kipa akiwa mmoja wao, na wachezaji wa akiba huingia na kutoka bila kikomo wakati mpira unaendelea. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 12, na saa husimamishwa bao linapofungwa, kosa linapoadhibiwa au timu inapopoteza muda, hivyo sehemu kubwa ya dakika 36 hizo ni mchezo mtupu. Hakuna kupoteza muda kwa kujilaza chini ukishika goti.

Sare pia haipo katika hatua ya makundi. Timu zikitoshana huongezwa dakika tatu, kisha mikwaju ya penalti. Ushindi wa muda wa kawaida huleta pointi tatu, wa muda wa nyongeza mbili, wa penalti moja. Kocha anayelinda matokeo ya sare kama alivyozoea kwenye nyasi atajikuta hana alichokilinda.

Sheria iliyobadilisha mchezo kuliko nyingine inahusu mipira ya adhabu. Hakuna ukuta. Mpigaji hubaki na kipa machoni mwake, na kwa kuwa uwanja ni mfupi, kosa lolote hata nusu ya nyuma ni nafasi ya bao. Hii ndiyo maana Kombe la Dunia huwa na mabao manane hivi kwa mechi. Timu isiyo na wapigaji wawili watatu wa uhakika, au yenye mabeki wanaovuta jezi kwa mazoea, hufungwa mapema. Pia kuna ulinzi maalumu kwa anayepiga mpira hewani mgongo ukiwa umeelekea lango: mpinzani haruhusiwi kumgusa wala kumzuia akisha kuanza kujirusha. Mpira wenyewe hutiwa upepo mdogo kuliko wa nyasi ili usimvunje mchezaji aliye pekupeku.

Na kipa si mlinzi wa lango tu. Ndiye anayeanzisha mashambulizi kwa mkono, na hupanda mbele kupiga mashuti, kwa sababu mpira ukitupwa vizuri hufika kifuani mwa mshambuliaji bila kugusa mchanga. Mchanga haupokei pasi za chini. Mpira ukitua hukwama au hukengeuka, basi timu bora huunyanyua kwa kidole cha mguu na kuuweka hewani mguso hadi mguso. Senegal ilikuwa na kipa Al Seyni Ndiaye kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya utawala wa timu hiyo barani ilianzia mikononi mwa kipa huyo.

Utawala huo si wa kutiliwa shaka. Fainali za kwanza za Afrika zilichezwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 2006, Cameroon ikashinda. Nigeria ilitwaa 2007 na 2009. Senegal ilichukua 2008, kisha 2011, 2013, 2016, 2018, 2021, 2022 na 2024. Mwaka 2021 kule Moscow iliitoa Brazil robo fainali kwa mabao 5-4 baada ya muda wa nyongeza, ikamaliza ya nne duniani, na Ushelisheli 2025 ikarudia nafasi hiyo hiyo. Pengo pekee katika safu hiyo ya vikombe tangu 2011 liliwekwa na Madagascar, iliyoifunga Senegal kwa penalti kisiwani Mahé, Ushelisheli, mwaka 2015.

Ushindi wa Madagascar uliwapa watu wa Afrika Mashariki tumaini ambalo halikuwa na msingi mpana. Ilionekana kana kwamba nchi yoyote yenye pwani ya Bahari ya Hindi ingeweza kufanya vivyo hivyo. Matokeo ya miaka iliyofuata yalisema vingine. Tanzania ilifika fainali za Sharm El Sheikh 2018, Saly 2021 na Hurghada 2024, bila kupata tiketi ya dunia. Timu hiyo ilijengwa kwa muda mrefu chini ya Boniface Pawasa, beki wa zamani wa Simba, na mechi zake nyingi za nyumbani zilipigwa Coco Beach, Dar es Salaam, mahali ambapo watu walishazoea kucheza mpira mchangani bila kocha wala filimbi. Msumbiji ilifika fainali ya Saly na kucheza Kombe la Dunia mwaka huo huo, kisha ikaandaa fainali za 2022 mjini Vilanculos. Ushelisheli ilipata uenyeji wa dunia 2025, ya kwanza kutoka Afrika kuupata, lakini timu yake haikuvuka hatua ya makundi.

Kenya, yenye zaidi ya kilomita 500 za pwani, haimo katika orodha za timu nane za 2018, 2021, 2022 wala 2024. Mchujo wake uliokumbukwa zaidi ni wa Februari 2015, ilipokutana na Tanzania katika raundi ya kwanza, mkondo mmoja Mombasa na mwingine Dar es Salaam, ikatolewa. Majirani waliosonga nao hawakufika mbali, kwani Misri iliwasimamisha. Mwaka 2022 hapakuwa na la kujadili: FIFA ilikuwa imeifungia Kenya tangu mwezi Februari kwa sababu ya mvutano wa serikali na shirikisho, na marufuku hiyo iliondolewa mwishoni mwa Novemba, mwezi mmoja baada ya fainali za Vilanculos kumalizika. Adhabu iliyozungumziwa sana kwa ajili ya timu ya taifa ya wanaume, Harambee Stars, ilizifungia pia timu ambazo watu wachache walijua zipo.

Hata bila marufuku, utaratibu wa mchujo wenyewe huziumiza nchi dhaifu. CAF hupanga timu mbili mbili, nyumbani na ugenini, na jumla ya mabao huamua. Hesabu ni rahisi: mikondo miwili ya dakika 36 ni dakika 72. Nchi inayotolewa raundi ya kwanza imepata dakika 72 za soka ya ushindani ya bara, kisha inasubiri hadi mzunguko unaofuata, takriban miaka miwili. Hakuna kundi la timu nne ambamo mtu anafungwa Jumatatu akajirekebisha Jumatano. Timu yenye mechi chache ndiyo inayopewa mechi chache zaidi. CAF ina sababu yake, nayo ni fedha: kusafirisha wachezaji kumi na wawili na benchi kwa mechi moja ni gharama ambayo mashirikisho mengi huikwepa, na kujiondoa dakika za mwisho ni jambo la kawaida katika mchujo huu. Lakini mpango unaookoa nauli ndio unaoziacha timu chache zile zile zikizungukana.

Michuano ya kanda ingeziba pengo hilo. Kusini mwa bara kuna mashindano ya COSAFA ya ufuoni, na timu za ukanda huo hufika kwenye mchujo zikiwa zimecheza. Mashariki, CECAFA haijajenga ratiba ya kudumu ya mchezo huu yenye uzito kama wa Kombe la Kagame au Kombe la Chalenji. Zanzibar, yenye fukwe nzuri na vijana wanaocheza mchangani tangu utotoni, haina hata njia ya peke yake: CAF iliipa uanachama Machi 2017 na kuufuta Julai mwaka huo huo, kwa hivyo mchezaji wa Unguja au Pemba hana budi kupitia kikosi cha Tanzania.

Mfano wa Uganda ndio unaovunja dhana kwamba kinachotakiwa ni bahari. Nchi hiyo haina hata hatua moja ya pwani ya bahari. Mchanga wake ni wa Ziwa Victoria, katika fukwe za Entebbe, na wa viwanja vilivyojazwa kwa mikono ya watu, kikiwemo kile cha kituo cha ufundi cha shirikisho la soka la Uganda, FUFA, huko Njeru, ng'ambo ya Mto Nile kutoka Jinja. Kilichoitofautisha ni ligi. Chama cha soka ya ufuoni cha Uganda kiliendesha ligi ya msimu mzima yenye vilabu na timu za vyuo vikuu, kama St Lawrence na MUBS, miaka kadhaa kabla timu ya taifa haijapata jina. Wachezaji wa chuo hawahami kufuata mishahara mikubwa, wako pamoja muhula mzima, na hufanya mazoezi saa za jioni bila kuomba ruhusa kazini. Ni chanzo cha wachezaji ambacho nchi nyingi zinacho na hazikitumii.

Mei 2021 Sand Cranes, kama timu hiyo inavyoitwa, ilifika Saly na kupangwa kundi moja na wenyeji Senegal, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ilitoka katika kundi hilo hadi nusu fainali, na hapo Msumbiji ikaizuia. Ushindi mmoja tu zaidi ungeipeleka Moscow. Ilimaliza ya nne baada ya kufungwa na Morocco. Mwaka uliofuata ilirejea katika fainali za Vilanculos. Timu ya nchi isiyo na bahari ilicheza fainali mbili mfululizo huku jirani mwenye Diani, Nyali, Watamu na Malindi akitazama kwa mbali.

Kwa Kenya, basi, swali la mchujo haliishii Pwani. Linahusu pia mahali kama Loitokitok, chini ya Kilimanjaro katika Kaunti ya Kajiado, mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi lakini si mbali na mpaka wa Illasit, ambao ng'ambo yake kuna Tanzania, nchi iliyocheza fainali tatu kati ya nne za mwisho zilizotajwa hapa. Kajiado ni miongoni mwa kaunti zinazouza mchanga wa mito ya msimu. Malori ya tipa huupeleka Kitengela na Nairobi, unakochanganywa na saruji kujenga maghorofa. Malighafi ya uwanja wa ufuoni hupita barabarani kila siku. Je, uwanja mmoja unahitaji kiasi gani?

Sheria zinataka mchanga wenye kina kisichopungua sentimita 40. Uwanja wa mita 37 kwa 28, ukiongezewa ukanda wa mita moja na nusu kila upande, unakuwa mita 40 kwa 31, yaani mita za mraba 1,240. Zidisha kwa kina hicho na utapata karibu mita za ujazo 496. Kwa tipa la mita za ujazo kumi, ni safari hamsini. Si kiasi kidogo, lakini jengo moja la ghorofa kadhaa la Kitengela hutumia mchanga mwingi bila mtu yeyote kuuita mradi wa maendeleo ya michezo.

Ubora wa mchanga ndio mtihani mgumu zaidi. Unatakiwa kuwa mwororo na sawa, usiwe na kokoto, vipande vya kombe wala kitu cha kukata mguu, na wakati huo huo usiwe laini kiasi cha kuwa vumbi linaloganda kwenye ngozi. Sharti hilo la mwisho linaiondoa moja kwa moja ardhi ya tambarare za Amboseli, ambayo ni ya asili ya volkano na ambayo kila anayesafiri kutoka Emali wakati wa kiangazi anaijua kwa rangi ya nguo zake. Ardhi nyekundu ya miteremko ya Loitokitok, nzuri kwa mahindi, na ile ya Kimana inayolisha nyanya na vitunguu kwa maji ya mifereji, hazifai pia. Mchanga wa mto unafaa, ila lazima upitishwe kwenye chekeche, kwa kuwa huja na changarawe, mizizi na miiba ya migunga. Mwiba mmoja wa mgunga katika mchezo wa miguu mitupu unatosha kumtoa mshambuliaji kwa majuma mawili.

Chini ya mchanga huo hapana budi kuwe na mfereji na tabaka la kokoto la kupitisha maji. Loitokitok hupata mvua nyingi kuliko tambarare zilizo kaskazini yake, ambazo ziko upande mkavu wa mlima, na uwanja usiotoa maji hugeuka bwawa mwezi Aprili. Wakati wa kiangazi mambo hupinduka. Mchanga mkavu kabisa huzama kupita kiasi na kuchoma nyayo adhuhuri, kwa hivyo hunyunyiziwa maji kabla ya mechi. Katika eneo ambalo mifugo na mashamba hugombea chemchemi zile zile, maji ya kunyunyizia uwanja ni jambo la kujadiliwa na wazee na kamati za maji kabla ya tipa la kwanza kumwagwa. Uzio nao ni wa lazima, maana mbuzi na mbwa hawatofautishi lango na mahali pa kulala.

Pia kuna pingamizi la kimazingira ambalo haliwezi kupuuzwa. Mchanga wa mto wa msimu ni ghala la maji. Mto unapokauka juu, maji hubaki ndani ya mchanga, na wafugaji huchimba visima vifupi kuyapata. Mto uliokombwa hadi mwamba hauhifadhi kitu. Lori hamsini kwa uwanja mmoja si idadi ya kuua mto zikitolewa sehemu iliyoidhinishwa, ila zikitolewa mahali pamoja karibu na visima vya watu, mradi huo utaanza na uadui. Uganda ilikuwa na bahati ya ufuo wa ziwa. Kajiado ingelazimika kuchagua mto na sehemu yake kwa uangalifu.

Faida ya uwanja wa bara kwa timu ya taifa si ya kinadharia. Kikosi kinachotegemea wachezaji wa Mombasa na Kilifi pekee huchagua kutoka kundi dogo, na wengi wao hucheza mchangani miezi ya likizo, msimu wa watalii ukiruhusu na bahari ikiwa imekupwa. Ufuo wa umma kama wa Pirates huko Mombasa hauna ratiba ya mtu mmoja: wapo waogeleaji, wachuuzi, ngamia wa kupandwa na maji yanayojaa mara mbili kwa siku na kuula uwanja. Uwanja uliojazwa mchanga ndani ya uzio hauna maji kujaa. Mazoezi huanza saa iliyopangwa, mistari ya utepe wa buluu hubaki mahali pake, na vibendera vyekundu vya kati na vya njano vya eneo la kipa havihitaji kung'olewa kila jioni. Shule za sekondari na vyuo vya ufundi vya Kajiado vingeweza kuendesha ligi ya aina ya Uganda bila kusafiri hadi Pwani, kisha bora wao wakakutana na wa Pwani mara mbili kwa mwaka kabla ya mchujo.

Gharama kubwa ya kuanzia iko kwenye usafiri wa mchanga, uzio na mfereji wa chini. Baada ya hapo kinachobaki ni kuchekecha upya kila msimu, kuongeza mchanga unaopeperushwa na upepo wa mlimani, na kumlipa mtu mmoja wa kuusawazisha kwa reki asubuhi na jioni. Waamuzi ni sehemu inayosahaulika zaidi. Mechi ya ufuoni huhitaji wawili uwanjani, wa tatu pembeni na mtunza saa, na sheria zake zinatofautiana na za nyasi kiasi kwamba refa wa ligi ya kaunti hawezi kuzibahatisha.